Kyela: Mpango wa Taifa Unapokutana na Jirani

Mto Songwe unashuka kutoka nyanda za juu za Mbeya na Ileje ukiwa na urefu wa karibu kilometa 200, sehemu kubwa yake ikiwa ndiyo mpaka wa Tanzania na Malawi. Huko juu umebanwa na magenge. Ukifika chini kwenye tambarare ya Kyela, Tanzania, na Karonga, Malawi, kabla ya kumwaga maji yake Ziwa Nyasa, hakuna tena kinachoushika. Masika yakikolea unavunja kingo na kujichimbia mkondo mpya. Kwa kuwa mpaka umewekwa mtoni, shamba la mpunga lililolimwa Tanzania linajikuta ng'ambo, na la Malawi linajikuta huku.

Serikali mbili zilikubaliana zamani kwamba dawa yake ni mabwawa. Upembuzi yakinifu ulifanyika mwanzoni mwa miaka ya 2000. Usanifu wa kina ulifuata muongo uliofuata, kwa msaada wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mei 2017 mkataba wa kuunda Kamisheni ya Pamoja ya Bonde la Mto Songwe ulitiwa saini mjini Lilongwe, na makao ya kamisheni yakawekwa Kyela. Bwawa la kwanza, la Kasumulu, lingezuia mafuriko, lingenywesha maelfu ya hekta pande zote mbili na kuzalisha umeme wa takribani megawati 180. Hadi leo halijajengwa.

Kyela, wilaya ndogo ya kusini mwa Mkoa wa Mbeya, inaonyesha vizuri kuliko nyingi jinsi mpango wa maendeleo unavyofanya kazi ukishatoka kwenye makabrasha. Kyela ina mpunga, kakao, michikichi, samaki, bandari, mpaka wa kimataifa na barabara ya lami inayotoka Mbeya kupitia Tukuyu hadi daraja la Songwe. Karibu kila mpango mkubwa wa taifa tangu uhuru umeigusa kwa namna fulani. Na karibu kila mara, kilichoamua kama mpango utazaa matunda ni nchi jirani, ambayo mpango wenyewe haukuipa nafasi ya kutosha. Dodoma hupanga mambo hadi mpakani Kasumulu na kuishia hapo, ilhali uchumi wa Kyela kwa sehemu kubwa unaanzia hapohapo.

Historia inaeleza kwa nini mambo yamekuwa hivyo. Tanganyika ilianza na mpango wa miaka mitatu, 1961 hadi 1964, ukiegemea mapendekezo ya ujumbe wa Benki ya Dunia. Ukafuata Mpango wa Kwanza wa Miaka Mitano, 1964 hadi 1969, ambao zaidi ya robo tatu ya fedha za maendeleo za serikali kuu zilitarajiwa kutoka nje. Fedha hizo hazikuja kama zilivyotarajiwa. Ujerumani Magharibi ilikasirishwa na uhusiano wa Zanzibar na Ujerumani Mashariki, na Mwalimu Nyerere hakukubali msaada utumike kuchagulia nchi marafiki. Desemba 1965 Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu ya mgogoro wa uhuru wa Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiliwa. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilitoka katika machungu hayo. Fundisho lililobaki vichwani mwa wapangaji wa Tanzania ni kwamba mradi unaotegemea uamuzi wa mwingine ni mradi wa mashaka.

Jirani wa kusini naye hakusaidia kulifuta fundisho hilo. Baada ya mgogoro wa baraza la mawaziri la Malawi mwaka 1964, baadhi ya mawaziri waliotofautiana na Kamuzu Banda walipata hifadhi Dar es Salaam. Banda akajenga uhusiano na Afrika Kusini ya makaburu wakati Tanzania ikiwa kambi ya wapigania uhuru. Katikati ya uhasama huo kulikuwa na ziwa. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa Julai 1, 1890 uliuweka mpaka kwenye ufuko wa mashariki, upande wa Tanganyika. Malawi inaushikilia mkataba huo. Tanzania inasema mpaka upo katikati ya maji, kama ilivyo kati ya Malawi na Msumbiji. Mgogoro huo ulilala kwa miaka mingi, ukaamka mwaka 2011 Malawi ilipotoa leseni ya kutafuta mafuta ziwani, na baadaye ukapelekwa kwa marais wastaafu wa Afrika chini ya Joaquim Chissano. Haujamalizika.

Watu wa ufukweni hawakungoja umalizike. Wanyakyusa wa Kyela na Wangonde wa Karonga ni ndugu. Wanaelewana kwa lugha, wanaoana, wanazikana. Wakisi wa Matema na Ikombe wanafinyanga vyungu ambavyo tangu zamani vimesafirishwa kwa mitumbwi kwenda masoko ya mwambao mzima. Kazi hiyo bado ni ya wanawake, na udongo wake unachaguliwa kwa macho na vidole. Usipa unaovuliwa usiku kwa taa unakaushwa kwenye vichanja na kuuzwa popote penye mnunuzi, bila kujali sarafu yake ina sura ya rais gani. Uchumi wa namna hii haumo kwenye jedwali lolote la Wizara ya Fedha, lakini ndio uliowavusha watu miaka ambayo serikali mbili hazikusemezana.

Serikali zenyewe zilikuja kukaribiana kwa shida. Katika miaka ya 1980 vita vya waasi wa Renamo nchini Msumbiji viliziba reli za Nacala na Beira, ambazo ndizo zilizokuwa pua ya kupumulia ya Malawi. Ghafla njia ya kaskazini, iliyodharauliwa kwa miaka, ikawa ya kufa na kupona. Mizigo ya Malawi ikapakuliwa Dar es Salaam, ikapanda TAZARA hadi Mbeya, ikahamishiwa kwenye malori yaliyoteremka Tukuyu na Kyela hadi Karonga, kisha ikafika bandari ya Chilumba na kupakiwa melini kuelekea Chipoka, kusini mwa ziwa. Malawi ikajenga vituo vyake vya mizigo Dar es Salaam na Mbeya. Wafadhili walitoa fedha, wahandisi wakajenga, na kwa mara ya kwanza Kyela ikawa katikati ya njia, si mwisho wa nchi.

Njia hiyo inastahili kuangaliwa zaidi ya inavyoangaliwa leo. Ilifanikiwa kwa sababu kila kiungo kilikuwa na mwenyewe na kila mmoja alijua atapoteza nini kikikatika. Reli iliyoibeba nayo ilikuwa tunda la ushirikiano: TAZARA, kilometa 1,860, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo usio na riba wa China, baada ya nchi za Magharibi kusema haitalipa. Vita vya Msumbiji vilipokwisha mwaka 1992, mizigo ya Malawi ilianza kurudi kusini, kwa kuwa Beira na Nacala ziko karibu zaidi na Blantyre. Njia ya Kyela ikapungua nguvu. Hakuna mpango wa Tanzania wa miaka hiyo uliojiuliza kwa uzito ufanyike nini ili mteja yule asiondoke.

Na ndivyo ilivyokuwa ziwani.

Tanzania imewekeza kweli kweli katika Ziwa Nyasa, na haki inataka hilo lisemwe bila kigugumizi. Meli za zamani, Mv Songea na Mv Iringa, zilipochakaa, wananchi wa mwambao walibaki na mitumbwi na maboti ambayo upepo wa ziwa hili hauyaonei huruma. Ziwa lina urefu wa zaidi ya kilometa 550, na kina chake kinafika mita 700. Likichafuka linakuwa bahari. Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari ikaipa kazi kampuni ya Kitanzania, Songoro Marine ya Mwanza, ijenge meli tatu hapohapo Kyela. Mv Njombe na Mv Ruvuma, za kubeba tani 1,000 kila moja, zilishushwa majini kwanza. Mv Mbeya II, ya abiria 200 na tani 200 za mizigo, ilizinduliwa Januari 2021. Kujengea meli Itungi, bandari ya Kyela, halikuwa jambo la fahari tu. Ziwa hili halina mlango wa bahari unaopitika, kwa hiyo meli yoyote inayotaka kuelea humo lazima iunganishwe ufukweni. Wajerumani walilijua hilo walipobeba meli ya Hermann von Wissmann vipande vipande na kuizindua ziwani mwaka 1893.

Kwa abiria, Mv Mbeya II ilibadilisha maisha. Inatoka Kyela, inapita Matema, Lupingu, Manda na Liuli hadi Mbamba Bay, mahali ambapo barabara za nchi kavu huzunguka milima ya Livingstone kwa mamia ya kilometa. Mama mwenye magunia mawili ya mchele anaweza kuyafikisha Ludewa au Nyasa bila kukodi lori. Nauli ya serikali haipandi kila mvua inaponyesha. Hiki ni kipimo kizuri cha maendeleo, na kilitokana na fedha za ndani na mafundi wa ndani.

Meli za mizigo zina hesabu nyingine. Tani 1,000 za makaa ya mawe kutoka Ngaka, wilayani Mbinga, zinaweza kupakiwa bandari ya Ndumbi na kuteremshwa bandari ya Kiwira, Kyela, zikaokoa barabara. Saruji ya Mbeya inaweza kwenda Malawi kwa maji. Hayo yote yanawezekana, na mengine yamefanyika. Lakini njia ya meli haiwi njia kwa gati la upande mmoja. Inahitaji ng'ambo kuwe na kina cha maji, winchi, ghala, afisa forodha anayefika kazini kwa wakati ule ule na mteja mwenye fedha za kigeni za kulipia. Itungi yenyewe imesumbuliwa miaka na mchanga unaoletwa na mito, hadi shughuli nyingi zikahamia Kiwira. Kuchimba mchanga ni kazi ya Tanzania peke yake, na inafanyika. Kupata shehena ni kazi ya nchi mbili. Hiyo ndiyo imelegalega.

Mbamba Bay, upande wa Ruvuma, inajaribiwa sasa kwa mzani huohuo. Serikali inajenga pale bandari ya kisasa kwa zaidi ya Sh. bilioni 75, na barabara ya lami kutoka Songea kupitia Mbinga imeshafika. Fikra yake ni ya Ushoroba wa Maendeleo wa Mtwara, ambao Tanzania, Malawi, Msumbiji na Zambia ziliutilia saini Desemba 2004: mzigo ushuke Mtwara, uje kwa barabara, na siku moja kwa reli, uvuke ziwa hadi Nkhata Bay, Malawi. Upande wa Tanzania unajengwa kipande kwa kipande. Mkataba una miaka zaidi ya 20, na bado mtu anayetaka kuvusha makontena 50 kwa mwezi kwa njia hiyo hana ratiba ya kuaminika ya kushika mkononi. Gati likimalizika kabla ya ratiba hiyo kupatikana, Mbamba Bay itakuwa bandari nzuri ya abiria na makaa ya mawe, na si lango la Malawi.

Turudi mpakani. Kasumulu asubuhi ina malori ya mafuta na mbolea yaliyojipanga kuelekea daraja, baiskeli zenye magunia yaliyofungwa kwa mipira, vijana wenye mabunda ya kwacha na shilingi, na akina mama wenye mabeseni ya dagaa na ndizi wanaojua kila afisa kwa jina. Kituo cha huduma za pamoja mpakani kinalenga jambo moja: msafiri au lori likaguliwe mara moja, upande linakoingia, badala ya kusimama mara mbili. Afrika ilianza utaratibu huo Chirundu, kati ya Zambia na Zimbabwe, mwaka 2009. Tunduma na Nakonde, mpakani mwa Tanzania na Zambia, zikafuata mwaka 2019. Kwa lori kubwa faida yake ni siku zilizookolewa. Kwa mama wa beseni faida ni ndogo zaidi, kwa sababu tatizo lake mara nyingi ni cheti cha usafi wa mazao, cheti cha uasili wa bidhaa, na kiwango cha kubadilishia fedha. Malawi iliposhusha thamani ya kwacha kwa kiwango kikubwa Novemba 2023, dola ikapanda kutoka kwacha 1,180 hadi 1,700 kwa viwango rasmi. Mwenye akiba ya kwacha aliamka na karibu theluthi ya mtaji wake imepotea kwenye vitabu. Hakuna jengo la mpakani linaloweza kutibu hilo.

Kisha ukaja mwaka 2025. Machi, Malawi ilipiga marufuku kuingiza nchini bidhaa kadhaa, zikiwamo unga, mchele, tangawizi, ndizi na mahindi, kwa maelezo ya kulinda wazalishaji wake na kuokoa fedha za kigeni. Mchele, tangawizi na ndizi. Mtu angekaa chini aandike orodha ya vitu vinavyotoka Kyela, Rungwe na wilaya jirani kwenda kusini, angeandika orodha hiyohiyo. Aprili, Hussein Bashe, aliyekuwa Waziri wa Kilimo, alitoa muda wa siku chache, kisha akafunga mlango kwa mazao ya Malawi na ya Afrika Kusini, ambayo nayo ilikuwa imezuia ndizi za Tanzania. Akaonya kwamba hata mbolea haitapita kwenda Malawi. Ndani ya siku chache zuio la Tanzania liliondolewa ili kupisha mazungumzo.

Tanzania na Malawi zote ni wanachama wa eneo huru la biashara la SADC, lililozinduliwa mwaka 2008. Zote zimeridhia Eneo Huru la Biashara la Afrika, ambalo lilianza rasmi Januari 1, 2021. Kwenye karatasi, mchele wa Kyela una haki ya kwenda Mzuzu bila ushuru. Lakini mikataba hiyo haikuzuia amri ya waziri kwa upande wowote. Mpunga una heri, unaweza kungoja ghalani. Ndizi hazingoji. Aliyekwisha kupakia lori Tukuyu usiku wa kuamkia zuio alibaki na uamuzi wa kuuza kwa hasara Kyela mjini au kujaribu njia za panya, akiwaachia wavushaji wa mtoni faida yake yote.

Waziri Bashe alikuwa na hoja, na wakulima wengi walimshangilia. Nchi haiwezi kufunguliwa upande mmoja tu. Hata hivyo, ukiangalia kwa jicho la Kyela, tukio lile lilidhihirisha udhaifu wa pande zote mbili: wilaya inayoishi kwa kuvuka mpaka haikuwa na mahali pa kusemea kabla ya amri kutolewa, wala kipindi cha notisi kilichokubaliwa, wala fidia. COMESA ina utaratibu rahisi wa biashara ndogo kati ya Malawi na Zambia, ambapo mfanyabiashara mwenye mzigo mdogo anajaza fomu moja mpakani. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000. Uamuzi huo ulikuwa na sababu zake za kitaifa, lakini gharama yake kwa Kasumulu haikupigiwa hesabu ya kutosha, na hadi sasa mama wa beseni ndiye anayeilipa.

Kakao inaonyesha upande mwingine wa jambo hili, na unatia moyo. Sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania inatoka Kyela na Busokelo. Inalimwa kwenye mashamba madogo, chini ya kivuli cha migomba na miembe. Baada ya kupasua maganda, mbegu hulazwa kwa siku kadhaa zivundike kwa utaratibu, kisha huanikwa juani kwenye vichanja hadi zitoe harufu ile inayotafutwa. Mkulima akifupisha siku za kuvundika, ladha haikai, na mnunuzi anaijua mara moja. Kwa miaka mingi bei ilikuwa ya kampuni chache, na wengi waliuza kakao ikiwa bado mbichi, au hata ikiwa mtini, ili wapate ada ya shule. Tangu mwishoni mwa miaka ya 2010 serikali ilielekeza mauzo yapite kwenye vyama vya msingi, Amcos, na chama kikuu cha ushirika, kwa stakabadhi ghalani. Baadaye minada ikaingia kwenye Soko la Bidhaa Tanzania, ambako wanunuzi wanashindana wazi.

Utaratibu huo ulikuwa tayari bei ya dunia ilipolipuka. Magonjwa ya miti na hali mbaya ya hewa viliipiga Côte d'Ivoire na Ghana, ambazo zinatoa zaidi ya nusu ya kakao yote. Tani iliyokuwa inauzwa kwa takribani dola 2,500 mwaka 2022 ikavuka dola 10,000 mwaka 2024. Tanzania inazalisha chini ya asilimia moja ya kakao ya dunia, kwa hiyo haiamui bei hata kidogo. Lakini kwa kuwa mnada ulikuwepo, sehemu kubwa ya neema hiyo ilifika mikononi mwa mkulima wa Kyela badala ya kuishia kwa wakala. Nyumba za bati na bodaboda mpya za vijijini zilizaliwa na msimu ule. Mwaka 2025 bei zikaanza kushuka, kama ambavyo zingeshuka siku yoyote.

Kwa hiyo mpango wa ndani unafaa, ukiwa na mwenyewe na ukiwa umemlenga mkulima moja kwa moja. Hata hapa, hata hivyo, mkono wa nje haupo mbali. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 sheria inayotaka kakao inayoingia huko ithibitishwe haikutoka kwenye shamba lililofyekwa msitu baada ya Desemba 31, 2020, pamoja na alama za ramani za kila shamba. Utekelezaji umeahirishwa zaidi ya mara moja. Kuahirishwa huko ni muda wa kupima mashamba ya Kyela, kazi ambayo Amcos haiwezi kuifanya bila msaada wa serikali. Kakao ya hapa, inayokua chini ya miembe ya babu, haina sababu ya kukataliwa Hamburg kwa kukosa ramani.

Sasa lirudiwe suala la Songwe, kwa maana ndilo kipimo kikubwa kuliko yote.

Mara nyingi inaelezwa kwamba bwawa la Kasumulu limekwama kwa sababu ya mgogoro wa mpaka, au kwa kukosa wafadhili. Mgogoro si sababu ya kutosha. Mkataba wa 2017 ulisainiwa mgogoro ukiwa hai, na kutuliza mkondo wa mto kungezinufaisha nchi zote mbili. Wafadhili nao si sababu ya kutosha. Kule Rusumo, kwenye Mto Kagera, Tanzania, Rwanda na Burundi zimejenga kituo cha megawati 80 kwa fedha zilizotolewa hasa na Benki ya Dunia, na kugawana umeme sawasawa. Walianzisha kampuni moja yenye wanahisa watatu, ikawa na akaunti yake, mkopo wake na mtu wa kuulizwa. Ujenzi ulianza mwaka 2017, mwaka uleule Songwe ilipopata kamisheni yake. Rusumo inawasha taa. Kyela ina ofisi.

Sababu ya tatu inaonekana nzito zaidi. Tanzania ilijenga Bwawa la Julius Nyerere kwenye Rufiji, megawati 2,115, kwa fedha zake yenyewe, kazi ikianza mwaka 2019 na mitambo yote tisa kukamilika mwaka 2025. Uwezo wa nchi wa kuzalisha umeme umepita megawati 4,000. Kwa Dodoma, nusu ya umeme wa Kasumulu, yaani megawati 90 hivi, si jambo la kukosesha mtu usingizi. Kwa Lilongwe ni kinyume. Malawi ina mamia machache tu ya megawati. Dhoruba Ana ilipobomoa kituo cha Kapichira Januari 2022, nchi ilipoteza karibu megawati 130 kwa mkupuo na kukaa gizani miezi mingi. Mradi mmoja, uzito tofauti kabisa kwa wabia wawili. Unapopimwa kwa megawati tu, upande mmoja hauna haraka.

Ila Kyela haikuuhitaji mradi huo kwa ajili ya megawati. Kyela inapokea mvua kubwa kuliko sehemu nyingi za nchi, na mito minne, Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo, inateremkia kwenye tambarare ileile ya mpunga. Karibu kila masika kuna kata inayozingirwa na maji, darasa linalofungwa, mazao yanayooza. Baada ya hapo kiangazi kinakuja, na shamba lililozama Aprili linakauka Septemba, kwa kuwa hakuna kilichoyahifadhi maji. Mchele wa Kyela, ambao harufu yake inajulikana hadi Kariakoo, kwa sehemu kubwa bado unalimwa mara moja kwa mwaka kwa kutegemea mawingu. Bwawa lingeleta msimu wa pili. Hiyo ndiyo hesabu ambayo inapaswa kuwekwa mbele: tani za mpunga zilizookolewa na zilizoongezeka, barabara zisizojengwa upya kila mwaka, mpaka usiohama. Katika hesabu hiyo Tanzania ina sababu ya haraka sawa na Malawi.

Nafasi ya kulirekebisha hilo ipo, na ina tarehe. Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050 ilizinduliwa Dodoma Julai 17, 2025, ikilenga uchumi wa dola trilioni moja, na utekelezaji wake unaanza Julai 2026 kwa mpango wa miaka mitano unaoishia 2030/31. Malawi ina dira yake, Malawi 2063, na mpango wake wa kwanza wa miaka kumi unaishia 2030. Nchi mbili zinazogombania mstari ziwani zimejikuta na kalenda zinazofanana bila kukusudia. Tume ya Mipango ya Tanzania na wenzao wa Lilongwe wanaweza kuandika Songwe kwenye vitabu vyote viwili kwa jina moja, kiasi kimoja cha fedha na mwaka mmoja wa kuanza, na kuipa kamisheni iliyopo Kyela mamlaka ya kuunda kampuni kama ya Rusumo. Wanaweza kuongeza humo kipindi cha lazima cha notisi kabla ya kufunga mpaka kwa mazao, pamoja na ratiba ya meli ya Mbamba Bay na Nkhata Bay. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji kwanza kumaliza mgogoro wa 1890.

Wabunge wa Mbeya, Songwe, Njombe na Ruvuma wana wajibu wa kuuliza, kabla mpango huo mpya haujafungwa, mradi wa Mto Songwe umo ukurasa gani na umetengewa shilingi ngapi. Usipokuwamo, nafasi inayofuata ya kuuingiza katika mpango wa miaka mitano itakuja mwaka 2031, karibu miaka 30 tangu upembuzi yakinifu ulipokamilika.